Uliza rangi ya kiwanja kabla hujatoa fedha

MIAKA hii ya karibuni watu wanaoniuliza kuhusu shule za watoto wao wamepungua, na wanaoniuliza kuhusu viwanja wameongezeka. Huenda ni kwa sababu mwalimu hudhaniwa kuwa anaweza kusoma kila aina ya karatasi. Wengi wao ni ndugu tuliorudi pamoja kutoka Tanzania katikati ya miaka ya 1990. Wengine ni wale waliofukuzwa huko Kagera mwaka 2013 wakaja na mabegi tu, na wengine ni wafanyabiashara wa Rusumo, Rubavu na Rusizi waliopata faida kidogo ya mchele, samaki au vitenge na wanataka kuiweka kwenye ardhi kabla haijayeyuka mikononi. Swali lao ni lile lile: "Mwalimu, hati ipo, bei ni nzuri. Ninunue?"

Jibu langu huwa ni swali: kiwanja hicho kina rangi gani kwenye ramani?

Naelewa kwa nini swali hilo huwashangaza. Sisi tuliokulia ugenini, tuliosoma shule za watu huku wazazi wetu wakilima mashamba ya kuazima, tulijifunza kuiheshimu hati kuliko kitu kingine chochote. Mtu asiye na karatasi angeweza kuambiwa ahame asubuhi na akahama jioni. Tuliporudi tukakuta suala la ardhi limejaa mambo mazito. Itifaki ya Arusha ya Juni 1993 ilikuwa imeshauri kwamba wakimbizi waliokaa nje zaidi ya miaka 10 wasidai mali zao zilizokwisha kukaliwa na wengine. Mashariki ya nchi watu wakagawana mashamba, na mwaka 1997 sehemu kubwa ya Hifadhi ya Akagera ikaondolewa kwenye uhifadhi ili waliorudi wapate pa kuishi na kuchungia mifugo. Kwa hiyo ilipofika kazi ya kusajili ardhi nchi nzima, kuanzia mwaka 2009 hadi 2013, na viwanja zaidi ya milioni 10 vikaandikwa, wengi tulipumua. Kila shamba likapata namba yake, ile tunayoiita UPI.

Kazi ile ilikuwa kubwa na nchi nyingi za jirani bado zinaitamani. Lakini iliacha dhana moja potofu vichwani mwa watu, kwamba mwenye hati anaweza kujenga apendavyo. Hati inasema ardhi ni ya nani. Ni nini kinachoruhusiwa kufanyika juu yake, hilo linasemwa na mpango wa matumizi ya ardhi. Hata pale hati inapotaja matumizi, mpango unaweza kuwa umebadilishwa tangu siku hati ilipochapwa.

Hapa Kigali mpango huo tunauita igishushanyo mbonera, na kwa Kiswahili cha mipango miji ni mpango kabambe. Wa kwanza wa zama hizi ulichorwa na kampuni ya Marekani iitwayo OZ Architecture na ukapitishwa mwaka 2008. Baadaye wakaja Surbana wa Singapore, ukatoka mpango wa kina wa mwaka 2013, na mwaka 2020 ukatangazwa uliofanyiwa marekebisho, unaotazama hadi mwaka 2050. Ndani yake jiji limekatwa vipande na kila kipande kina herufi na namba yake. R ni makazi, nayo ina madaraja, kuanzia nyumba chache zenye nafasi hadi maghorofa. C ni biashara. Vipo vya viwanda, vya kilimo, vya misitu na vya ardhi oevu. Ukiwa na namba ya UPI unaweza kuangalia kwenye intaneti kiwanja kimeangukia wapi. Usipokuwa na intaneti, nenda kwa ofisa ardhi wa umurenge.

Mwalimu mwenzangu mmoja alinunua sehemu ya shamba nje kidogo ya jiji kwa mkopo wa benki. Aliyemuuzia alikuwa na hati halali kabisa. Komisiyoneri, yaani dalali, alimwonyesha nyumba tatu jirani akamwambia, "Hao nao wamejenga, wewe una nini?" Shamba lilikuwa la kilimo. Sheria ya ardhi ya mwaka 2013 ilikataza kuligawa shamba la kilimo likabaki na vipande vya chini ya hekta moja, kwa hiyo hata uhamisho wa jina haukuwezekana, wakaandikiana karatasi ya nyumbani mbele ya mashahidi wawili na chupa za bia. Alipofikisha ukuta kwenye linta, wakaja wa bomoabomoa. Mkopo aliendelea kuulipa kwenye mshahara kwa miaka minne zaidi. Zile nyumba tatu za jirani zilikuwapo kabla ya mpango, ndiyo maana ziliachwa. Hilo dalali hakulisema, na mwenzangu hakuwa na sababu ya kulijua.

Nimetaja linta kwa makusudi. Msingi ukisimamishwa, hasara yake inavumilika. Ukiachwa ufike kwenye linta ndipo ubomolewe, umepoteza mawe, saruji, tofali na mafundi. Viongozi wa ngazi ya chini wanaopita kila siku, wanaona msingi na wananyamaza, wana lawama katika hili, na sijui kwa nini wanaobebeshwa gharama ni wajenzi peke yao.

Mwekezaji anapoingia

Hayo ni ya mtu mmoja na kiwanja chake. Jambo hubadilika sura pale jiji linapokubaliana na mwekezaji kwamba eneo fulani, lenye watu ndani yake, liendelezwe upya. Hapo mpango wa matumizi unageuka kuwa mkataba, na mkataba una pande mbili tu zinazotia saini. Wanaoishi pale ni upande wa tatu, usio na kalamu.

Wakongwe wa Kigali wanakumbuka Kiyovu ya chini, ile waliyoiita Kiyovu cy'abakene, Kiyovu ya maskini. Mwaka 2008 wakazi wake waliondolewa, na kwa ajili yao zikajengwa nyumba zipatazo 250 huko Batsinda. Kiyovu ilitakiwa igeuke haraka kuwa mtaa wa ofisi na hoteli. Sehemu kubwa ikakaa miaka mingi ikiwa majani. Nilikuwa nikipita pale na daladala nikijiuliza swali la kijinga la mwalimu wa hesabu: je, mama aliyekuwa akiuza mboga hapa asingeweza kuendelea kuuza kwa miaka hiyo yote?

Kisha ikaja Bannyahe. Jina rasmi ni Kangondo na Kibiraro, katika umurenge wa Remera, wilaya ya Gasabo, ng'ambo ya pili ya majumba ya Nyarutarama na uwanja wa gofu. Jina la mtaani lilitokana na upungufu wa vyoo, na sitalitafsiri hapa kwa heshima ya wasomaji wanaokunywa chai. Mwaka 2017 ulianza mpango wa kuwahamisha wakazi ili kampuni ya Savannah Creek iendeleze eneo hilo. Badala ya fedha, wakazi walitakiwa kuchukua nyumba za ghorofa zilizojengwa Busanza, wilaya ya Kicukiro. Wengine walikubali wakahama. Wengine walikataa, wakasema sheria inawapa fidia ya fedha, wakaenda mahakamani. Mvutano ulichukua takriban miaka mitano, hadi Septemba 2022 waliokuwa wamebaki walipoondolewa na nyumba zao zikavunjwa.

Nimewasikia watu wakizungumzia kisa hiki kana kwamba kulikuwa na upande mmoja mwema na mwingine mbaya. Sivyo nionavyo. Hoja ya serikali ilikuwa na uzito wake: mtaa haukuwa salama kiafya, na mtu akipewa fedha mkononi anaweza kwenda kuanzisha akajagari kingine mlima wa pili. Nyumba za Busanza zina maji, umeme na choo ndani, na wapo wanaozifurahia. Lakini hoja ya waliokataa ilikuwa na hesabu ndani yake, na hesabu ile nadhani haikusikilizwa vya kutosha.

Chukua mfano. Familia ina nyumba ya udongo yenye vyumba sita. Inalala katika viwili, vinne inapangisha kwa wafanyakazi wa ndani na mafundi wanaofanya kazi Nyarutarama. Kila chumba faranga 20,000 kwa mwezi. Hiyo ni faranga 80,000 kila mwezi, ada ya shule na bima ya afya humo humo. Mthamini akija anapima kuta za udongo na mabati yaliyochakaa, anaandika thamani ndogo. Nyumba ya ghorofa anayopewa mwenye mali inaweza kuwa na thamani sawa na ile iliyoandikwa, au hata kuizidi. Lakini haina vyumba vinne vya kupangisha, na ipo mbali na wateja. Kwa karatasi amelipwa, na kipato chake kimekatika. Mfanyabiashara yeyote wa mpakani analielewa hili bila kuelezwa mara mbili, kwa sababu anajua tofauti kati ya bei ya kibanda na bei ya mahali kibanda kilipo.

Sheria inayotawala mambo haya ni ya mwaka 2015, sheria namba 32 kuhusu kutwaa mali kwa manufaa ya umma, iliyochukua nafasi ya ile ya 2007. Inasema fidia hulipwa kwa fedha za Rwanda, au kwa namna nyingine ambayo pande zote mbili zimekubaliana. Neno la kutazama hapo ni "zimekubaliana". Inataka wathamini wa kujitegemea wanaotambuliwa na chama chao. Inaongeza asilimia 5 ya thamani kwa ajili ya usumbufu. Inataka malipo yafanyike ndani ya siku 120 tangu fidia ilipoidhinishwa. Asiyeridhika na thamani ana siku 7 za kueleza pingamizi lake kwa maandishi, kisha atafute mthamini wake kwa gharama zake mwenyewe, naye ana siku 10 tu za kuleta ripoti.

Siku saba! Mtu aliyeko Goma akisubiri mzigo, au Benaco akipakia mchele, siku saba zinapita kabla hajapata habari kwamba orodha imebandikwa kwenye ofisi ya akagari. Ndiyo maana nawasihi wanaosafiri wamwachie mtu nyumbani karatasi ya uwakilishi iliyothibitishwa na mthibitishaji, pamoja na nakala ya hati na picha za nyumba. Na jambo jingine: orodha ikishatangazwa, mwenye ardhi hatakiwi kuanzisha tena shughuli za muda mrefu. Usipande parachichi wala usiongeze chumba, hakitahesabiwa.

Tulikosoma sisi mambo hayakuwa tofauti sana. Mwaka 2008 serikali ya Tanzania ilitangaza mradi wa mji mpya wa Kigamboni, wakazi wakaambiwa wasiendeleze maeneo yao, miaka ikapita, mradi ukapunguzwa na mwishowe mamlaka iliyouendesha ikavunjwa. Aliyesimamisha ujenzi wa nyumba yake kwa utii alikuja kuinunua saruji kwa bei mpya. Mkataba wa maendeleo usiokuwa na tarehe ya kufa humfunga mwananchi na kumwacha huru mwekezaji.

Kwa hiyo maswali yangu kwa kila mkataba wa aina hiyo ni haya. Nani analipa fidia, jiji au mwekezaji, na fedha ziko benki tayari au zinatarajiwa? Wakazi wanaruhusiwa kuchagua kati ya fedha na nyumba, au wamechaguliwa tayari? Na mwekezaji asipojenga katika muda uliowekwa, ardhi inarudi kwa nani? Sheria ya ardhi ya 2013 iliruhusu serikali kuichukua ardhi iliyoachwa miaka mitatu mfululizo bila kutumika. Mkulima wa Kirehe anaijua kanuni hiyo na anaiogopa. Ningependa kuiona ikiandikwa kwa herufi kubwa hizo hizo katika mkataba wa mwenye maghorofa.

Jua pia unadai nani. Tangu sheria ya Julai 2019, wilaya tatu za Kigali, yaani Gasabo, Kicukiro na Nyarugenge, hazina tena hadhi ya kisheria ya kujitegemea. Anayeingia mkataba na anayeshitakiwa ni Jiji la Kigali. Nimemkuta mzee mmoja ameandika barua tatu kwa wilaya na hajajibiwa. Katika mikoa hali ni nyingine: Kirehe, Rubavu au Rusizi ni wilaya zenye hadhi yake, na mikataba yake hupita kwenye baraza, Njyanama. Madiwani wa Njyanama wanafahamika kwa majina na wanakaa mitaani mwetu. Waulizeni kabla ya saini, maana baada ya saini watawajibu kwamba suala liko kwa wanasheria.

Mikataba ya wadogo

Si kila mkataba unatoka juu. Pembezoni mwa Kigali wenye mashamba yaliyoangukia eneo la makazi wamekuwa wakiungana, wanachagua kamati, wanaikodi kampuni ya upimaji ichore mitaa, kisha wanapeleka mchoro kwa jiji uidhinishwe. Kila mmoja anatoa kipande cha ardhi yake kwa ajili ya barabara. Asiye na fedha ya kumlipa mpimaji hulipa kwa kiwanja. Shamba la ovyo lisilo na njia linatoka likiwa na viwanja vilivyonyooka, na bei yake inapanda hata kama ukubwa umepungua.

Mimi naupenda utaratibu huu kuliko ule wa mwekezaji mmoja mkubwa, kwa kuwa faida ya ardhi kupanda inabaki kwa waliokuwapo. Una matatizo yake. Mwenye shamba dogo, tuseme la mita 15 kwa 20, barabara ikimpitia katikati anabaki na kitu kisichotosha hata kibanda, na jirani mwenye hekta hajisikii kuumizwa. Kamati nzuri humhamishia huyo kiwanja kamili mahali pengine na wote huchangia. Kamati mbaya humwambia auze. Mkiitwa kwenye kikao cha namna hii, nendeni, hata kama siku hiyo ni ya soko, na msomewe kumbukumbu za kikao kilichopita kabla hamjatia kidole gumba.

Mipakani

Miji ya mpakani ina mitego yake. Kwanza barabara. Tangu daraja jipya la Rusumo na kituo cha pamoja cha mpaka vizinduliwe mwaka 2016, kila mtu anataka kiwanja kinachotazama lami. Hifadhi ya barabara ya taifa ni mita 22 kutoka katikati ya barabara kwenda kila upande, na ndani ya mita hizo hata ukiwa na kibanda cha mabati tu, siku ya upanuzi usitegemee mengi. Beba kamba upime mwenyewe.

Pili ni maji. Kandokando ya ziwa Kivu mita 50 haziruhusiwi kujengwa, na ardhi oevu ni mali ya serikali hata kama babu wa muuzaji alilima viazi humo. Kigali walianza kuwaondoa watu kwa wingi katika mabonde hayo mwezi Desemba 2019. Huko Rubavu mto Sebeya ulieleza jambo hilo kwa lugha yake usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023, mvua na maporomoko yalipoua watu zaidi ya 130 katika mikoa ya Magharibi na Kaskazini. Baada ya hapo maeneo mengi yaliwekwa alama ya hatari. Viwanja vilivyowekwa alama bado vinauzwa, tena kwa bei nafuu, kwa watu wanaotoka mbali.

Tatu ni masoko. Soko la kisasa la Gisenyi lilianza kujengwa, likakwama, likakaa kwa zaidi ya miaka 10 kama gofu katikati ya mji huku mipango ya nani alimalize ikibadilika, na akina mama wanaovuka kwenda Goma wakiuza jua kali. Ikitokea wilaya yako inakualika kununua hisa au kulipia kizimba kabla jengo halijaisha, taka kuona karatasi tatu: kibali cha ujenzi chenye jina la kampuni hiyo hiyo, makubaliano ya wilaya na kampuni, na kifungu kinachosema fedha yako itarudishwa lini jengo lisipokamilika. Risiti peke yake haitoshi.

Na kwa anayenunua kiwanja wiki hii: pata namba ya UPI kutoka kwa muuzaji kabla ya mazungumzo ya bei, maana asiyeitoa ana jambo. Angalia matumizi yake, uchape ukurasa huo na tarehe yake. Hakikisha mume na mke wote wapo siku ya kutia saini kama ndoa yao ni ya mali ya pamoja. Wapo waume wanaouza wake zao wakiwa sokoni. Nendeni kwa mthibitishaji wa masuala ya ardhi, na fedha ipite benki. Tangu mwaka 2023 hati zinatolewa kwa njia ya elektroniki, kwa hiyo anayekuonyesha karatasi ya zamani iliyokunjwa mara nne mwambie mwende pamoja ofisini mkaitazame kwenye kompyuta kama bado ni yake, na kama benki haijaishika kwa mkopo. Huchukua dakika chache, ukiacha foleni.